Kuni za Uzazi wa Kaluki

Mama yangu Nthenya si mtu wa hadithi. Ni mwanamke wa kanisa, mkali, na ukimletea habari za mashetani atakuuliza kama umemaliza kulima. Kwa hivyo hili alilonieleza mara moja tu, tukichambua maharagwe, mimi naliamini. Asiyeamini shauri yake.

Ilikuwa Mbooni, Agosti 1978. Kaluki, mke wa baba mdogo Nzioka, alikuwa na mimba ya miezi saba. Miaka tisa alikuwa amekaa bila mtoto, na maneno ya watu alikuwa ameyala ya kutosha. Sasa alipita kijijini tumbo likitangulia, akisalimia hata wale aliokuwa amenuniana nao. Asubuhi hiyo alitaka kuni za akiba, za kuota moto na kupikia uji akishajifungua.

"Na hilo tumbo?" Mama akamuuliza.

"Tumbo si mguu, mama Mumbua. Twende!"

Mumbua ndiye mimi. Nilikuwa bado mdogo, wakaniacha kwa nyanya.

Wakashika njia ya msituni. Kando ya njia kuni zilikuwa zimeokotwa zote. Kaluki akaiacha njia, akakata juu katikati ya miti. Mama alijua huko ni wapi. Kileleni kulikuwa na ithembo, pale wazee wa zamani walipotolea sadaka. Haparuhusiwi kuokota hata kijiti, na mwanamke ambaye bado anazaa hapakanyagi.

"Kaluki, huko hapana."

Kaluki akacheka. "Kwani wewe umeokoka, ama uliandikisha jina tu?"

Mama akamfuata. Hilo ndilo linalomuuma mpaka leo. Aliona haya kuonekana mshenzi.

Juu kulikuwa na baridi ingawa ilikuwa saa sita mchana. Matawi makavu yalikuwa yametapakaa, ya miaka na miaka. Mama hakugusa. Kaluki alifunga mzigo mkubwa, Mama akamsaidia kuuinua mgongoni, na ukanda ukakaa kwenye paji la uso. Wakaanza kuteremka, Kaluki mbele.

Mwanzoni alikuwa akiimba. Halafu akaacha.

"Mzigo unazidi," akasema.

"Tua basi."

Hakutua. Akaenda hatua chache.

"Mama Mumbua," akanong'ona. "Nani ananipumulia shingoni?"

Mama akatazama. Katikati ya kuni ulikuwa umetokeza mkono. Mdogo, wa mtoto mchanga. Ngozi yake ilikuwa kavu, rangi ya gome. Vidole vilikuwa vimeshika kola ya blauzi ya Kaluki.

Mama alitaka kupiga kelele. Akajiziba mdomo.

"Usigeuke," akanong'ona. "Tupa. Tupa sasa!"

Kaluki akavua ukanda. Mzigo ukaanguka, ukabingirika, ukafunguka. Ndani hamkuwa na kitu. Kuni tu.

Mama akashusha pumzi. Ndipo akamwona Kaluki amejishika kiunoni, leso imelegea inaanguka. Tumbo lilikuwa bapa. Hakukuwa na damu. Hakukuwa na uchungu. Bapa tu, kama la msichana.

Nesi wa kliniki aliitazama kadi aliyoiandika mwenyewe wiki mbili kabla, mapigo ya moyo wa mtoto yakiwemo. Akampima Kaluki. Akampima tena. Mwishowe akauliza ni nani aliyekuja na kadi hii mara ile.

Nzioka alipanda mlima na wanaume wenzake, wakatafuta siku tatu. Kila kuni ilirudishwa juu. Wapi! Haikusaidia.

Maziwa yalikuwa yametoka jioni ileile, na hayakukauka. Usiku matiti yalijaa mpaka yakauma. Asubuhi Kaluki aliamka na kuyakuta mepesi, yamenyonywa, na alikuwa akilala peke yake, maana Nzioka alishahamia kwa mama yake. Wanawake walisema ni huzuni tu, itapita. Mama pia alisema hivyo.

Kufika Aprili, mtoto angekuwa na miezi sita. Kaluki akamwita Mama nyumbani kwake, akafunga mlango, akafungua blauzi. Kwenye titi la kushoto palikuwa na alama mbili ndogo, zimekaribiana, bado nyekundu.

"Ameota meno," Kaluki akanong'ona.

Alikuwa na furaha, Mama anasema. Hiyo furaha ndiyo iliyomfanya Mama afungue mlango akatoka mbio.