Mguu wa Ijumaa

Ilikuwa Ijumaa tulivu pale Ihanda, zamani za Wadachi, miaka kadhaa baada ya njaa na maradhi kuacha nyumba nyingi bila wenyewe. Mvua ilikuwa imenyesha alfajiri ikakatika. Migomba ilidondosha maji taratibu, kahawa imeanikwa juani, na wafanyabiashara waliotoka kuswali walikuwa wamekaa barazani kwa Bwana Gharib wakisubiri ndizi za samli. Mbele yao, juu ya mkeka, walikaa vijana wa Nyumba ya Nyuma.

Ndugu zangu wa Karagwe, wengi wenu hamkuikuta nyumba hiyo, kwa hiyo nawaeleza. Wenye maduka walikubaliana kuwajengea makao vijana waliobaki bila baba, bila mama na bila shamba. Kila duka lilileta chakula kwa zamu. Bwana Gharib alitoa kiwanja nyuma ya duka lake, akafanywa msimamizi. Wavulana walilala humo, na wasichana walilala chumba cha uani kwa mkewe, Bi Mwanamisi. Makubaliano yalikuwa mazuri sana: kijana aje, ale, alale, ajifunze kazi, kisha aondoke akajitegemee. Lishikeni hilo neno la mwisho, aondoke, kwa sababu ndilo neno ambalo Bwana Gharib hakulipenda hata kidogo.

Msiniharakishe kumwita mwizi. Bwana Gharib hakula ndizi ya yatima hata moja. Baba yake alikuja na msafara kutoka Pangani, naye alirithi kanzu safi, sauti nzuri na mkono ulio wazi. Kasoro yake ilikuwa kwamba alipenda kushukuriwa. Aliipenda shukrani kama wengine wanavyopenda ugoro. Akiikosa siku mbili, alishikwa na kichwa.

Sasa mtazameni Mgeni, kijana mkubwa kuliko wote pale mkekani. Alifika Ihanda amejaa funza miguuni, hawezi kukanyaga. Bi Mwanamisi alimchokoa funza hao kwa sindano, akamkanda kwa maji ya chumvi, na kabla msimu haujaisha Mgeni alikuwa anaruka mitaro. Ndipo shida ilipoanza. Alipokuwa akichechemea, wageni walikuwa wakimtazama, wakiguna kwa huruma, wakimwombea Bwana Gharib maisha marefu. Alipoanza kutembea vizuri, mgeni mmoja aliuliza, "Huyu mbona hafanyi kazi?" na hakumwombea mtu yeyote chochote.

Jioni ile Bwana Gharib alimwita Mgeni kando.

"Mwanangu, mguu wako haujapona."

"Umepona, baba. Leo nimefukuza mbuzi mpaka mtoni."

"Umepona kwa siku nyingine. Kwa Ijumaa bado."

Mgeni alifikiri kidogo. "Mguu upi, baba?"

"Wowote utakaoona unafaa," alisema Bwana Gharib. Nitawaonyesha baadaye kwamba hapo alikosea.

Shaaban, wa pili pale mkekani, kazi yake ilikuwa kulia. Bwana Gharib akisema, "Huyu naye, mama yake marehemu," machozi yalimtoka Shaaban bila shida. Mwanzoni alimlilia mama yake kweli, na mimi simcheki mtu kwa hilo. Lakini baada ya miaka akawa analia hata akitajwa mama wa mtu mwingine, hata akitajwa ng'ombe aliyekufa.

Wa tatu alikuwa Maua, binti mwenye mama Mnyambo, mwenyeji wa hapa, na ulimi wake mwenyewe. Yeye aliambiwa akohoe.

"Nitakohoa nikiumwa," alijibu.

Akahamishiwa mwisho wa mkeka, nyuma ya nguzo.

Msidhani vijana hao hawakuomba shughuli. Mzee mmoja wa Chonyonyo, mpiga magome ya kuvaa, alitaka Mgeni aende akajifunze kumenya gome la mti na kuligonga mpaka liwe nguo. Bwana Gharib alikataa: mguu. Maua aliomba sufuria achemshe kahawa mbichi pamoja na majani ya kunukia, aianike, iwe ya kutafuna, ile wanayokaribishiwa wageni kila nyumba ya hapa. Bwana Gharib alikataa: watu watasema Gharib anawatumikisha yatima. Shaaban hakuomba kitu, naye alisifiwa kwa adabu.

Basi siku nzima walikaa. Wakabuni mbio za vinyonga, mchezo ambao mshindi wake hujulikana kesho. Wakajua mbuzi wote wa Ihanda kwa sauti. Mgeni akaanza kuota ndevu akiwa bado mkekani.

Ijumaa ninayowasimulia, utulivu ulivunjwa na wapagazi wawili. Walitoka njia ya Bukoba wamebeba kitu kizito kimefungwa gunia na kuning'inizwa kwenye mti waliouchukua mabegani. Nyuma yao alikuja Ramadhani, fundi wa nguo, mtu mwembamba mwenye uzi mweusi umening'inia kwenye kofia bila yeye kujua. Alikuwa akienda kufungua kazi Murongo, kwenye kivuko. Aliamkia wazee, akanawa, akakaa, na gunia likafunguliwa. Ilikuwa cherehani ya miguu, ya kwanza kuonekana pale. Baraza zima likasogea kuitazama.

"Nataka kijana wa kumfundisha," alisema Ramadhani. "Nikishakula naondoka. Nimeambiwa hapa kuna nyumba ya vijana."

"Ipo," alisema Bwana Gharib, "ila watoto wangu hawa, ndugu yangu, ni wa kuhurumiwa tu. Huyu Shaaban, mama yake marehemu..."

Shaaban akaanza kulia.

Ramadhani alimpa sindano na uzi. "Nitungie."

Shaaban aliishika sindano, akaitazama, akageuza uso kumtafuta mtu wa kumtungia. Alipomkosa, akaongeza machozi.

"Huyu atanilowanishia kitambaa," alisema Ramadhani akichukua sindano yake. "Sina haja ya mtu anayejua kitu. Nina haja ya mtu mwenye miguu miwili mizima, maana mashine hii inakwenda kwa miguu."

"Hapo huna bahati," Bwana Gharib alisema, na sauti yake ikawa laini kama samli. "Aliyebaki ni Mgeni, naye ni kiwete."

Mgeni aliitazama ile cherehani. Fundi mwingine asingepita Ihanda, labda kwa miaka. Chuma kile kingevuka vilima na kwenda Murongo, na yeye angebaki pale mkekani akisubiri Ijumaa. Akatazama chini.

Nyuma ya nguzo, Maua alinong'ona. "Ndevu hizo, Mgeni. Utachechemea mpaka siku ya kuoa? Nani atakuoza, na mahari yako utalipa kwa vinyonga?"

"Nyamaza, wewe."

"Nimenyamaza. Fundi naye anakaribia kumaliza kula."

Mgeni akasimama. Akatoka mkekani kwenda kwenye cherehani, na kwa sababu ilikuwa Ijumaa, alichechemea. Mazoea ni kitu kibaya, ndugu zangu. Hata siku anayokwenda kujiokoa, mtu huenda kwa mwendo aliofundishwa.

"Taratibu, mwanangu," Bwana Gharib aliwaambia wageni zaidi kuliko alivyomwambia yeye. "Mguu huo wa kushoto unamtesa."

Bwana Hemedi, muuza chumvi, aliacha kutafuna. "Wa kushoto? Ijumaa iliyopita si ulikuwa wa kulia?"

"Ulikuwa wa kushoto."

"Wa kulia, Bwana Gharib. Nilikaa upande huo. Nilisikitika kwa upande huo."

"Basi maumivu yamehama."

"Maumivu yamehama," alirudia Bwana Hemedi, kama mtu anayepima chumvi yenye mchanga.

Bi Mwanamisi alikuwa anatoka na sinia la pili. Bwana Gharib alimwona kama anayezama anavyoona gogo. "Mke wangu huyu hapa ndiye aliyemuuguza. Mama, waambie ni mguu upi."

Bi Mwanamisi aliliweka sinia chini. Akajifuta mikono kwenye kanga, polepole.

"Mimi nilitoa funza miguu yote miwili," alisema. "Na yote miwili ilipona kabla ya mvua za mwaka uleule. Kutoka hapo, anayejua ni mguu upi ni mume wangu."

Mngesikia kinyonga akitembea. Mzee mmoja tu alinong'ona kumuuliza mwenzake ile dua aliyoomba Ijumaa iliyopita inahesabiwa au vipi.

Mgeni alikuwa ameshakaa kwenye cherehani. Ramadhani alimwekea kipande cha kitambaa cha marekani, akamwonyesha pa kuweka nyayo. "Kanyaga. Huu ukishuka, huu unapanda."

Mgeni akakanyaga. Gurudumu likazunguka nyuma, uzi ukajikunja kama kiota cha ndege, ukakatika. Akakanyaga tena, ukakatika tena. Mguu wa kulia ulitii. Wa kushoto ulichelewa, ukasita, ukajivuta. Miaka yote ile ndio uliochechemea mara nyingi zaidi, na sasa ulikuwa umejifunza.

Mgeni aliinua uso. Hakumtazama fundi.

"Baba," alimwambia Bwana Gharib, "sasa kweli haukanyagi."

Nawaambieni, hilo ndilo lililomshinda Bwana Gharib. Maneno ya Bwana Hemedi angeyajibu, na ya mkewe angeyajibu kesho. Lakini hayo hakuyajibu. Alikaa chini karibu na viatu vya wageni wake.

Ramadhani alipiga goti, akaushika ule mguu, akaubonyeza paja na kifundo kama anayechagua kitambaa. "Huu haujafa. Umelala. Sikiliza, kijana. Tunakwenda Murongo kwa miguu, na wewe utatembea mbele yangu nikuone. Ukifika unatembea sawa, nakufundisha. Ukifika unachechemea, unarudi na wapagazi hawahawa."

"Njia ni mbaya," alisema Bwana Gharib kutoka chini. "Hajazoea. Nani atampikia?"

"Mikono yake nayo ina funza?" aliuliza Bi Mwanamisi.

Mgeni hakuwa na mzigo wa kufunga. Alimwendea Bwana Gharib, akainama. "Shikamoo, baba."

"Marahaba," alisema Bwana Gharib kwa sauti ndogo. Kisha, kwa kuwa mtu habadiliki kwa siku moja, akaongeza, "Huko uendako, wataje jina langu."

"Nitawataja wote walioleta chakula," alisema Mgeni.

Maua alimsindikiza mpaka mwisho wa mashamba, akitembea pembeni yake na kumsema kila mguu ulipochelewa. "Huyo. Umeanza tena. Unamchechemea nani huku, migomba? Migomba haina dua ya kukupa." Mgeni alitukana, akakasirika, na mtu aliyekasirika hana nafasi ya kuchechemea. Maua aliporudi nyuma, Ramadhani aliendelea pale alipoachia.

Habari zilirudi Ihanda kwa midomo ya wachuuzi wa kuvuka mto. Walisema Mgeni alifika Murongo amevimba nyayo zote mbili, anatembea kama bata, lakini kama bata mzima. Fundi alitazama, akafikiri, akampa mkasi. Baadaye wakasema anashona kanzu. Baadaye tena wakasema kanzu zake zinasimama vizuri, ila ana kisirani, hapendi mteja amwambie pole.

Ihanda nako kulibadilika. Wenye maduka walimwondoa Bwana Gharib kwenye usimamizi, wakamweka Bi Mwanamisi. Kijana akiingia, siku ya kwanza anaulizwa swali moja: unataka kujifunza nini? Mwenye kupenda magome alipelekwa Chonyonyo. Mwenye kupenda biashara alisimama dukani. Maua alipewa sufuria yake, na kahawa yake ya kutafuna ilipendwa mpaka kwa machifu. Alimchukua Shaaban awe anachochea moto. Moshi ukamwingia machoni, akalia, na yalikuwa machozi yake ya kwanza yenye sababu kwa miaka mingi. Lakini Shaaban hakudumu. Alichoka, akarudi kukaa mkekani, na mpaka anapata mvi aliwasubiri wageni waje wamsikitikie. Wageni walikuwa wamekwisha kuacha kuja. Hiyo ndiyo hasara ya kisa hiki, nami sitaifunika kwa kicheko.

Bwana Gharib mwenyewe aliendelea kuuza nguo na shanga. Wanunuzi walimsalimu vizuri, wakalipa, na wakiwa mlangoni mmoja wao hakukosa kumuuliza, "Leo ni mguu upi, Bwana Gharib?"

MAFUNZO

Enyi mnaolea vijana wasio na kwao, chakula na paa mnavyowapa ni deni lenu mbele ya Mungu, na kazi ya mikono yao ni haki yao. Mkitoa la kwanza mkazuia la pili, mnawafuga, na anayefugwa siku moja huliwa. Kijana akipona, mwacheni apone hata Ijumaa. Akitaka kuondoka, mfungieni chakula cha njiani, msimfungie mlango. Msaada wowote unaomtaka mtu abaki mnyonge ili ninyi mwonekane wema ni ugonjwa, na aliyeupata hapa hakuwa Mgeni. Nanyi vijana, huruma ya watu ni tamu, lakini haivaliki, haipandiki, na haikai mfukoni mpaka asubuhi.

Nimeletewa ujumbe na jamaa wa Bwana Gharib. Wanasema nimemvunjia heshima mtu aliyewalisha yatima wakati wengine walipofunga milango, na wananitaka niombe radhi mbele ya watu. Kwamba aliwalisha, nimesema mwenyewe, someni tena. Na yaliyobaki nimeyasema pia. Siombi radhi.