Rejeta Yenye Kiu

Nurudini, rafiki yangu anayeuza vitenge Kasulu, alinisimulia jambo hili. Ilikuwa masika ya mwaka 2013, akimtoa mama yake mgonjwa Kibondo kumleta hospitali. Mama alifika salama, lakini gari lile Nurudini hajaligusa tena.

Walipofika porini, jua likizama, mshale wa joto ulipanda hadi kwenye alama nyekundu. Alisimama, akasubiri injini ipoe, kisha akampigia fundi wake, Obedi.

"Feni inazunguka?" Obedi aliuliza.

"Ilikuwa inazunguka vizuri. Mkanda mzima, na chini hakuna hata tone lililovuja."

"Basi maji yamepungua. Jaza rejeta taratibu, nikusikilize."

Nurudini aliiweka simu juu ya betri, spika ikiwa wazi, akaanza kumimina maji ya dumu kwenye rejeta, tangi la kupozea injini. Dumu zima likaelekea kuisha, rejeta haijajaa. Giza lilikuwa limeshatanda, na barabarani hapakuwa na mtu. Ndani ya rejeta alisikia gu, gu, gu, kama koo la mtu mwenye kiu. Alipoacha kumimina, mlio nao ukaacha.

"Mwanangu," mama aliita kutoka kiti cha nyuma, "unamnywesha nani?"

Nurudini aliliweka dumu chini. Kwenye simu, Obedi akauliza kwa sauti ya chini sana:

"Nuru, huyo mwanamume ninayemsikia akikuambia uongeze maji ni nani?"