Mstari Ambao Kwangu Hakuusoma

Kila siku akitoka shule, Kwangu alivua sare, akala viazi vilivyofunikwa jikoni, kisha akashika njia ya kisimani na wifi yake Jeska. Kwangu alikuwa na miaka kumi na miwili, darasa la tano. Jeska, mke wa kaka yake Burito, alikuwa na mimba ya kwanza, na siku hizo alipumzika mara tatu kabla ya kufika.

"Nisubiri wifi, mimi siku hizi ni watu wawili."

"Basi mmoja wenu abebe ndoo yangu," Kwangu akamjibu, na wote wakacheka.

Ulikuwa mwaka wa pili tangu wahamishiwe kijiji cha ujamaa, mwendo wa saa mbili kwa miguu kutoka Nyamuswa, kwenye kliniki. Viongozi waliwaahidi zahanati kabla ya mavuno ya kwanza ya pamba. Mavuno mawili yalipita. Zahanati ilikuwa bado msingi wa mawe, na waliolala humo ni mbuzi wa mwenyekiti.

Mama yake Kwangu hakuisubiri hiyo zahanati. Kwao mtoto wa kwanza huzaliwa kwenye boma la zamani, kule mlimani alikozikwa babu, na kondo lake hufukiwa kando ya zizi. Alisema serikali ilibomoa nyumba tu, makaburi haikuyahamisha. Burito alisita. Akasema watafuata itakavyosema kadi ya kliniki. Katika nyumba ile, aliyejua kusoma ni Kwangu peke yake.

Jioni alisoma mbele yao. Uzito. Tarehe. Arudi baada ya wiki mbili. Chini kabisa nesi, ambaye hakumweleza Jeska lolote kwa mdomo, alikuwa ameandika kwamba damu ni kidogo, ajifungulie hospitali, aende mjini mwezi mmoja kabla. Kwangu aliuona mstari huo. Akaona pia maji ya mwezi mzima atakayochota peke yake, pamba ya kuchuma, na shule atakayoikosa.

"Na hapo chini?" Burito aliuliza.

"Hapo ni jina la nesi tu."

Mtoto alizaliwa asubuhi, katika kibanda kilichoezekwa haraka ndani ya boma lile. Wa kiume, mzima. Lakini damu ya Jeska haikukoma. Burito alishuka mbio hadi kwa mwenyekiti, Machage, kuomba trekta la kijiji. Trekta lilikuwepo, limeoshwa, linasubiri wageni wa wilaya. Machage akataka barua yenye mhuri. Mhuri alikuwa nao katibu, na katibu alikuwa amesafiri kwenda mjini Bunda. Basi wanaume wakambeba Jeska kwa kitanda. Alikata roho kabla hawajafika Nyamuswa. Wageni wenyewe siku hiyo hawakuja.

Baada ya mazishi chakula kilimshinda Kwangu. Siku ya nne aliichukua kadi, akamfuata kaka yake aliyekaa kivulini amempakata mtoto, mama yao kando yake. Akausoma ule mstari kwa sauti, mpaka mwisho. Akaeleza na sababu ya kuuficha.

Burito alimhamishia mtoto mkono wa pili.

"Umekosa, mdogo wangu, na sitakudanganya kwamba hukukosa. Tulikuwaga tunakutegemea wewe, macho yako ndiyo macho ya nyumba hii. Lakini wewe ni mtoto, uliogopa ndoo za maji. Machage ni mtu mzima mwenye trekta. Yeye aliogopa nini?"

Mama alifuta machozi kwa ncha ya kanga. Akasema aliyempandisha Jeska mlimani ni yeye, na kwamba mjukuu mwingine hatazaliwa kule tena. Mkwe atakayekuja ataenda mjini mapema, hata ikibidi yeye mwenyewe achote maji.

"Ukisomea watu, soma yote," Burito akasema. "Hasa pale panapokuumiza wewe. Huyu akikua ataniuliza mama yake yuko wapi. Mimi nitamweleza ya trekta. Ya kadi utamweleza wewe."

Kwangu akaitikia kwa kichwa. Burito akamkabidhi mtoto, akaenda kukamua ng'ombe.