Hina Iliyooshwa Kabla ya Kukolea

Siku za likizo, Yumna ndiye aliyempelekea babake chakula cha mchana Shimanzi, kwenye ghala la chai alikofanya kazi. Alikuwa na umri wa miaka kumi na mmoja, na majirani wote wa mtaa wao wa Kuze walijua kwamba mtoto yule hatumwi mahali akaenda moja kwa moja. Siku hiyo alisimama nje ya ghala amtupie mbwa koko kipande cha hamri. Mbwa alikuwa akiyumba na kudondokwa na mate. Badala ya kula, alimng'ata Yumna juu kidogo ya kiganja, kisha akatokomea nyuma ya malori.

Yumna hakulia. Kilichomtisha zaidi ni harusi. Shangazi yake Mwanaesha alikuwa anaolewa wiki hiyo, na Yumna ndiye aliyechaguliwa kumbebea sinia la asumini. Kwao mate ya mbwa ni najisi, naye aliamini kwamba akisema tu, sinia litapewa mtoto mwingine. Akapangusa kidonda kwa ncha ya leso, akanyamaza.

Kesho yake nyumba ilijaa wanawake, udi na vigelegele. Bibi harusi alikuwa ameketi mkekani, mikono na miguu imejaa hina mbichi, haruhusiwi hata kujikuna pua. Mwanaesha alikuwa mtafiti huko Nairobi. Kazi yake ilikuwa kuchunguza jinsi virusi vinavyoingia mwilini na kuvamia ubongo. Bibi yake Yumna aliwatania wageni kwamba binti yake alizoea kutazama vijidudu visivyoonekana, ndiyo maana alichelewa kumwona mchumba aliyekuwa wazi mbele yake. Wanawake walicheka mpaka wakashika mbavu.

Yumna naye alinyoosha mkono wake. Alimwomba Bimdogo, aliyekuwa akiwapaka wanawake hina, amchoree maua mazito yapande juu ya kiganja, maana alitaka ua moja lifunike kidonda. Hina ilipogusa kidonda, iliwasha kama pilipili. Yumna aliuma mdomo, lakini machozi hayakuuliza ruhusa.

Shangazi aliinama akautazama mkono ule, akamuuliza nini kimemuuma. Yumna alisema ni msumari.

"Msumari hauna meno ya juu na ya chini," Mwanaesha alisema kwa upole. "Niambie kweli, mwanangu. Sitakugombeza."

Yumna akasema yote, kuanzia hamri mpaka leso.

Bibi harusi aliinuka. Bimdogo alishika kichwa, akalalamika kwamba tangu azaliwe hajaona mtu akiosha hina kabla haijakolea. Lakini Mwanaesha alikuwa tayari yuko bombani. Alikisugua kidonda cha Yumna kwa sabuni na maji mengi, muda mrefu, huku maua ya mikono yake mwenyewe yakiyeyuka na kuingia mferejini.

"Shangazi, hina yako," Yumna alisema akilia.

"Itapakwa nyengine. Sikiliza. Mbwa yule huenda ana kichaa cha mbwa. Virusi vyake huingia kwa mate, vikapanda polepole kwenye mishipa ya fahamu kuelekea ubongoni. Vikiwa bado njiani twaweza kuvizuia kwa sindano. Vikishafika, hatuna dawa. Kwa hivyo waenda hospitali sasa hivi na mamako."

Yumna aliogopa sana. Hata hivyo, kabla ya kutoka, aliuliza kwa sauti ndogo sinia atapewa nani. Bibi alimvuta kifuani akamwambia kwamba najisi huoshwa ikaisha, na mtoto hanyang'anywi sinia kwa kuumwa.

Hospitalini alichomwa sindano, akaambiwa arudi kwa nyingine mpaka zimalizike. Babake naye aliwaarifu maofisa wa mifugo, wakaenda Shimanzi kumtafuta mbwa.

Siku ya harusi ikafika. Yumna alilibeba sinia kwa madaha hata wageni wakauliza bibi harusi ni yupi. Hina ya shangazi, iliyopakwa upya, ilikolea vizuri, na Bimdogo alijisifu kama kwamba wazo lilikuwa lake.

Jioni baba alileta habari. Mbwa alikuwa amepatikana amekufa, na maofisa walikuwa na hakika kwamba ulikuwa ugonjwa ule ule. Bibi alimtazama mjukuu wake, akasema, "Mficha maradhi, kilio humfichua. Alhamdulillahi hatukufika huko."

Mwanaesha alimpakata Yumna, ingawa nguo zake za harusi zilikuwa nzito kama zulia.

"Miaka mitano nachunguza ugonjwa huu," alisema, "na ukishafika ubongoni siwezi kuuponya. Nijualo ni kuuwahi tu. Na siwezi kuuwahi nisipoambiwa. Ukiumia, sema siku hiyo hiyo, hata kama waona haya, hata kama umekosa."

Yumna aliahidi. Kisha akafikiri kidogo, akasema kwamba basi kuna jambo jingine: amekula halua nyingi na tumbo lamuuma.

Shangazi alicheka mpaka machozi yakamtoka, akamwambia hivyo ndivyo hasa.