Kigari Kisicho na Kibati

Mlio wa kwanza niliusikia nikianika nepi, mchana kweupe. Tii, tii, tii. Ule mlio wa gari linalorudi nyuma. Nikageuka nikidhani Fuso linaingia njia ya kwetu. Hakuna Fuso. Mlio ulitoka kwenye kibanda cha kuni, kwenye kigari cha gofu alichokileta mume wangu Nashoni, na betri zake zote nilikuwa naziona nje, zimepangwa juu ya turubai, hazijafungwa hata waya mmoja.

Nikamwita. Akaja anajifuta grisi.

"Labda kuna chaji imebaki," akasema.

Yeye ni fundi wa pikipiki hapa Morotonga, akisema jambo la umeme mimi nakubali. Lakini mlio ulipokatika mtoto wetu aliyekuwa amelala ndani alianza kulia, na kilio hicho hakikuwa cha njaa wala cha tumbo. Mama anajua.

Kigari kilitoka kwenye kambi moja ya watalii upande wa Ikoma, imeshafungwa. Walikuwa wanabebea wageni kutoka mapokezi mpaka kwenye mahema. Nashoni aliwatengenezea jenereta, wakamwambia kama unakitaka kile chukua. Akakivuta kwa trekta akiimba. Alisema atakifufua kibebe maziwa ya majirani mpaka Mugumu, na mimi na mtoto tutakaa mbele kama wazungu. Tulicheka siku ile.

Kukifufua kunataka vipuri, na muuza vipuri wa Arusha alimwambia kwenye simu, "Kaka, bila modeli na mwaka siwezi kukuuzia hata skrubu. Chungulia chini ya dashibodi, upande wa abiria, kuna kibati. Herufi za mwanzo ndiyo modeli, tarakimu mbili zinazofuata ndiyo mwaka."

Nashoni akalala chali. Nikamulika kwa simu. Palikuwa na matundu manne ya ribiti, na katikati yake pameng'aa, pamebaki na umbo la kibati kilichong'olewa.

"Kuna namba nyingine kwenye chesisi, chini ya kiti," akasema, akafunua kiti. Hapo palikuwa pamesagwa kwa tupa, pamesagwa kwa bidii kabisa.

Ndipo nikasikia harufu. Nyasi mbichi, zimekatwa sasa hivi, zina umande. Na ilikuwa kiangazi kile ambacho ng'ombe walikuwa wanatafuna mabua.

"Unasikia harufu?" nikamuuliza.

"Ya asidi ya betri," akasema, lakini hakuniangalia.

Mtoto hakuacha kulia. Mama mkwe wangu akaja kutoka Ringwani. Kanisani hakosi, lakini ya wazee hajayatupa. Nikamwamkia, akaitikia, akampokea mtoto, akamtazama muda mrefu.

"Huyu analilia jina," akasema. "Mmekaa naye tu hivi hivi, mnamwita baba, baba. Wakubwa wake wanataka kuitwa."

Kwetu ndivyo ilivyo. Mtoto akilia bila sababu, unampa titi huku mkubwa anataja majina ya marehemu wa ukoo, moja moja, na jina ambalo mtoto atanyamaza na kushika titi, hilo ndilo lake. Ni jambo la heri, watu hupika. Tukatafuta mahali penye kivuli na pa kukaa vizuri. Mungu anisamehe, kiti laini kuliko vyote pale nyumbani kilikuwa kiti cha kigari. Tukakaa, mama mkwe upande wa dereva, mimi upande wa abiria, mtoto mapajani.

Akataja la babu yake Nashoni. Mtoto analia. La mjomba. Analia. La yule aliyekufa kwa mafuriko. Analia.

"Kisyeri," akasema.

Kimya. Mtoto akashika titi. Na chini yetu, ndani ya kiti, tii. Mara moja tu, kama mtu anayesema naam.

Mama akacheka mpaka machozi. "Hata gari limeitikia."

Nami nilicheka.

Baada ya hapo ndipo alipokuja Tomaso. Alikuwa dereva wa vigari kule kambini, na Nashoni alimwita akitambue kwa macho, maana mtu aliyeendesha miaka mingi hahitaji kibati, anaangalia umbo la pua, springi, swichi iko wapi. Aliingia kibandani anatania, "Shemeji, hiki ndicho kinawashinda?" Akagusa bodi ya mbele. Akainama kwenye springi. Akashika usukani, na utani ukaisha.

"Mbele ni mzee kuliko mimi," akasema polepole. "Usukani ni wa juzi. Chesisi sijawahi kuiona. Nashoni, hiki ulikikuta wapi? Nyuma ya jiko, kimefunikwa matete?"

"Ndiyo."

Tomaso akatoka nje ya kibanda kwanza, akasimama juani, ndipo akazungumza, tena kwa sauti ya chini mpaka tukamsogelea.

"Kulikuwa na mgeni mmoja alishuka mapokezi akasema dereva wake mpole sana, hasemi neno. Sisi madereva wote tulikuwa jikoni tunakula. Akaja mwingine, akasema hivyo hivyo. Ikabidi meneja alete mganga. Yule mzee alisema kilichomo hakina mwili, kinatafuta. Akasema mtu ukikutana naye njiani unamuuliza mambo mawili, wewe nani, na rika lako lipi. Akishajibu yote mawili amekuwa mtu. Ndiyo maana aliagiza kibati king'olewe na namba zisagwe, kisiwe na jina wala umri, kisiwe na cha kujibu." Akatutazama. "Hamjakiita jina lolote, si ndiyo?"

Mama mkwe wangu alikaa chini kwenye vumbi, na kitenge chake kipya.

Nashoni alikivuta siku hiyo hiyo kwa trekta mpaka mabondeni ng'ambo ya Ikoma. Akarudi akasema kilivutika chepesi mno, na hakikunuka chochote. Alilisema kama habari njema. Mimi nilikuwa nimeinamisha uso kwenye kichwa cha mwanangu, na nywele zake zilinuka nyasi zilizokatwa.

Mganga mwenyewe ni marehemu, hakuna wa kumuuliza. Tulichobaki nacho ni hicho tu, kwamba jina kimekwishapata na umri bado, kwa hiyo asitaje mtu umri wa mtoto, asitaje kabisa, na hapo ndipo nilipojua ni mara ngapi watu wanauliza, kisimani, sokoni, mlangoni mwa kanisa, wote wanatabasamu, wote wanashika kidole chake, ana miezi mingapi huyu, na mimi najifanya sijasikia, najifanya nina haraka, mpaka wakaanza kusema mke wa Nashoni ana majivuno.

Kisha akashikwa na homa, homa ya kuunguza, macho yanapanda juu, nikamfunga mgongoni nikakimbia naye zahanati, kadi ya kliniki nimeiacha nyumbani makusudi, na nesi akaniuliza jina nikasema Kisyeri, kwa kuwa hilo limeshapotea, akaniuliza umri nikanyamaza.

"Dada, dozi inatolewa kwa umri. Ana miezi mingapi?"

Nikasema mpime uzito tu, nesi, nakuomba, mpime uzito. Kwenye benchi wakaanza kucheka chini chini, mama gani huyu, na Elieth jirani yangu, ambaye tulijifungua wiki moja na ambaye hana ubaya na mtu, akanionea huruma, akaona nimechanganyikiwa na homa ya mtoto, akanisaidia, nikamwona anafungua mdomo, nikanyoosha mkono kumziba na mkono haukufika.

"Si wako sawa na wangu?" akasema. "Miezi mitano, nesi."

Joto la mgongoni likakatika pale pale, kama moto uliomwagiwa maji. Mtoto akatulia, mzito, mzito kuliko nilivyokuja naye. Nesi akainua kichwa, akachungulia dirishani, uwanjani ambako hapakuwa na kitu ila mbuzi mmoja amefungwa.

"Nani anarudisha gari hapo nje?" akauliza.

Nami nilikuwa nausikia ule mlio kwenye uti wa mgongo wangu, unanitetemesha mbavu, tii, tii, tii, na mikono miwili midogo ikanishika mabega, kwa upole, kama mtu anayeshika usukani.