Visahani vya Kilimani

Msimu wa kusaga miwa ukishaanza, akina mama wa mji wetu wa Vunitavola hawaaniki nguo kabla ya kutazama dohani ya kiwanda cha sukari. Moshi ukielekea baharini, shuka hutolewa nje. Ukielekea huku kwetu, shuka hubaki kwenye beseni. Pranita Lal, msichana wa miaka kumi na miwili, alizoea kutumwa uani kila asubuhi akiwa bado anatafuna chapati.

"Leo umeelekea wapi?" mama yake aliuliza kutoka jikoni.

"Baharini, Mama."

"Basi njoo unishikie ncha ya shuka. Na umeze kwanza, usinitemee makombo."

Mwaka ule Pranita alikuwa na kazi nyingine iliyohusu moshi huo. Shule ilitaka kujenga darasa la chekechea, na kulikuwa na viwanja viwili vya kuchagua. Kimoja kilikuwa bondeni, karibu na kiwanda, kando ya barabara ya malori ya miwa. Cha pili kilikuwa kilimani, mita mia saba kutoka kwenye dohani. Wazazi karibu wote walitaka kilimani. Nani, walisema, atampeleka mtoto wa miaka minne chini ya dohani? Lakini Mwalimu Semisi, aliyefundisha sayansi, aliiomba kamati ya shule isubiri wiki mbili ili wanafunzi wapime masizi yanaangukia wapi hasa.

Vipimo vyenyewe vilikuwa visahani vyeupe vilivyopakwa mafuta ya mgando na kuwekwa juu ya nguzo. Kila jioni mwanafunzi alihesabu chembe nyeusi zilizonasa, akaandika daftarini, akakifuta kisahani na kukipaka mafuta upya. Mereoni, rafiki wa Pranita, alipewa visahani vya bondeni: kimoja kando ya lami, kingine hatua mia moja kutoka barabarani, na cha tatu hatua mia mbili. Pranita alipewa cha kilimani. Wiki ya kwanza upepo ulivuma kuelekea baharini, naye Pranita akahesabu chembe tatu, siku nyingine nne, mara moja mbili tu.

Wiki ya pili mazoezi ya netiboli yakaanza. Jumatatu yalichelewa kwisha, na kilima kilikuwa kirefu. Pranita alifungua daftari akiwa ameketi ukingoni mwa uwanja. "Jana zilikuwa tatu," aliwaza. "Leo haziwezi kupita nne." Akaandika nne. Jumanne akaandika tatu. Kufikia Jumatano hata kuwaza hakuwaza.

Alhamisi Mereoni alichungulia daftari lake.

"We Pranita, upepo si umegeuka tangu Jumatatu? Mbona namba zako hazijatikisika? Upepo wa kwako una adabu kweli."

"Kilimani ni kilimani," Pranita alijibu, akifunga daftari. "Juu kuna hewa safi."

"Haya, mama wa hewa safi. Mimi nimeshakohoa mavumbi ya malori wiki nzima."

Ijumaa asubuhi Mwalimu Semisi aliyakusanya madaftari. Ubaoni alikuwa ameandika hesabu yake mwenyewe. Aliitazama, akazitazama namba za Pranita, akaitazama tena. Kisha akachukua kifutio.

"Hesabu yangu ilisema upepo huu ungepeleka masizi kilimani," aliliambia darasa huku akifuta. "Lakini mimi nilikuwa nimekaa kwenye kiti, na Pranita alikwenda akaona kwa macho. Aliyeona ndiye wa kusikilizwa. Kesho nitaiambia kamati tujenge kilimani."

Pranita aliinamisha kichwa.

Alasiri hiyo alipanda kilima kwenda kukichukua kisahani. Karibu na nguzo aliishi Mama Torika, ambaye alikuwa uani akisuuza shuka.

"Shikamoo, Mama."

"Marahaba, mwanangu. Ulipotelea wapi? Tangu Jumapili sijakuona hapa. Na mimi shuka hii hii nimeifua mara tatu wiki hii."

Pranita alikishusha kisahani, akaona kama mtu amekimwagia pilipili manga. Aliketi chini akahesabu, na alipomaliza alikuwa amefika mia mbili na kumi na sita. Hata ukizigawa kwa siku tano tangu alipokifuta mara ya mwisho, zilikuwa zaidi ya arobaini kila siku. Kitambaa cha kufutia kilikuwa mfukoni mwake. Angepitisha mara moja tu, na hakuna mtu ambaye angejua. Alikishika kile kitambaa kwa muda. Halafu akawaza watoto wadogo wakichora na kulala usingizi wa mchana mahali pale, msimu baada ya msimu, kwa sababu ya netiboli.

Alikifunika kisahani kwa kopo ili kisiguswe, akateremka nacho moja kwa moja mpaka nyumbani kwa Mwalimu Semisi. Alimkuta akimenya mihogo kibarazani.

"Mwalimu, namba za wiki hii nilizitunga," alisema kabla hajakaribishwa. "Za kweli ni hizi."

Mwalimu alikitazama kisahani. Kisu kilikuwa kimesimama katikati ya muhogo.

"Nilifuta hesabu yangu kwa sababu ya daftari lako," alisema.

"Najua, Mwalimu. Nisamehe."

"Kukusamehe si kazi ngumu. Kamati je? Kesho utasema wewe, au niseme mimi?"

"Nitasema mwenyewe."

Na akasema, mbele ya wazazi arobaini. Baba mmoja alinung'unika kwamba sasa namba za watoto haziaminiki tena. Mereoni, aliyekuwa amenuna nyuma kabisa, akasimama.

"Na mimi alinidanganya, bado nimemkasirikia," alisema. "Lakini mtupe wiki moja nyingine. Nitapanda naye kila siku. Akitaka kutunga, nitamshika sikio."

Watu wakacheka, na kamati ikawapa wiki.

Walipanda pamoja siku saba. Kilimani chembe hazikushuka chini ya thelathini na tano. Bondeni, kisahani cha kando ya lami kilijaa vumbi na moshi wa malori, lakini kile cha hatua mia mbili kilipata sita au saba tu. Mwalimu Semisi akairudisha hesabu yake ubaoni.

"Dohani ina urefu wa mita hamsini," alieleza. "Chembe ya masizi hushuka kama nusu mita kwa sekunde. Itachukua sekunde mia kufika chini. Upepo nao unaisukuma mita nane kila sekunde. Itaangukia wapi?"

"Mita mia nane!" darasa likaitikia.

"Na kilima kimeinuka, kwa hiyo kinaipokea mapema kidogo. Walio chini ya dohani moshi huwapita juu ya vichwa. Tulichokuwa tukikiogopa sicho."

Chekechea ilijengwa bondeni, mwisho wa kiwanja, hatua mia mbili kutoka barabarani. Siku ya kufunguliwa, watoto wakikimbizana mlangoni, Mwalimu Semisi alisimama kando ya Pranita.

"Mimi pia nilikosea," alisema. "Namba zako zilipokataa kulingana na upepo, nilipaswa kupanda kilima mwenyewe. Lakini shika hili, mwanangu. Ukiandika usichokiona, humdanganyi mwalimu peke yake. Unamdanganya fundi anayechimba msingi, na mzazi anayemleta mtoto, na mtoto mwenyewe asiyejua hata kusoma. Wote hao wamesimama juu ya karatasi yako."

Pranita aliitikia kwa kichwa. Kisha mtoto mmoja akamvuta mkono, akitaka kuonyeshwa mahali pa kuweka viatu, naye akaingia ndani pamoja naye.