Waya wa Chumbani

Fundi wa kompyuta wa chuo kile hapendi kulizungumzia jambo hili. Anayelisimulia ni mama mkwe wake, na yeye si mtu wa kutia chumvi.

Ilikuwa asubuhi ya kawaida, jua limejaa maabarani. Kompyuta za pale ni tupu, hazina diski ndani. Ukiziwasha, kila moja huuliza kupitia waya: kuna nani? Seva, ile kompyuta kuu iliyo kabatini, huijibu, huipa programu zake, ndipo inaamka. Isipojibiwa, hukaa tu na skrini nyeusi. Mke wa Fundi ndiye aliyeunganisha yote hayo. Viungo vya nyaya alivifunga kwa uzi wa bluu wa kushonea, akiulowanisha mdomoni kwanza, na wenzake walimtania sana. Kila kompyuta ilipoamka iliandika salamu aliyoitunga yeye: "Amka, kumekucha."

Kwa maneno hayohayo alimwamsha mumewe, maana Fundi alikuwa na usingizi wa pono.

Mke aliugua, akafariki. Fundi hakulia. Watu walimsifu kwamba amejikaza. Ukweli ni kwamba hakuhisi kitu, hata njaa. Ila kila asubuhi aliamka kwa wakati, bila wa kumwamsha. Hakulitilia maanani.

Siku hiyo mkuu wa chuo alitaka seva mpya ifungwe. Fundi akaitoa ya zamani, akang'oa diski zake, akazitia mfukoni. Kabla ya kufunga mpya akawasha kompyuta moja, kuona tu kama bado ni nzima. Alitarajia skrini nyeusi.

"Amka, kumekucha."

Akawasha ya pili. Vilevile. Akawasha zote. Akapapasa mfuko, diski zilikuwamo.

Akafanya ambalo fundi yeyote angefanya: akachomoa waya mmoja mmoja, ajue anayejibu yuko wapi. Uliobaki na taa inayopepesa ni ule ambao mkewe aliuvuta hadi nyumbani kwao, nyuma ya maabara, afanyie kazi kitandani alipozidiwa.

Akaufuata. Mama mkwe alikuwa sebuleni, anakunja nguo.

"Baba," akamwambia kwa sauti ya chini, "nani yuko chumbani? Tangu utoke nasikia mtu anabofya."

Hakukuwa na mtu. Ncha ya waya haikuchomekwa popote. Ilikuwa juu ya mto wa marehemu. Mto ulikuwa umebonyea.

Fundi hakuogopa. Hilo tu ndilo lililomtisha. Akatoa koleo.

"Mke wangu," akanong'ona, "pumzika sasa."

Akaukata.

Kesho yake hakuamka. Mama mkwe aligonga mpaka akachoka, akaingia. Fundi alikuwa chali, macho wazi, anapumua. Akamwita. Akamtikisa. Akammwagia maji usoni. Macho hayakupepesa. Baadaye Fundi alimwambia kwamba alimsikia vizuri kabisa, ila yeye alikuwa akimngoja mwingine amwamshe.

Bibi wa watu akatoka mbio kumwita jirani. Waliporudi, Fundi alikuwa ameketi kitandani, analia kwa kwikwi, kwa mara ya kwanza tangu mazishi.

"Nimeamshwa," akasema.

Mama mkwe akainama kuokota koleo sakafuni, akauona waya. Ulikuwa umeungwa palepale ulipokatwa, umezungushiwa uzi wa bluu. Akaugusa.

Uzi ulikuwa bado umelowa mate.